Msimamizi wa Breki

Mtaa wetu wa Río Seco, huku juu El Alto, hauhitaji redio. Limbert Yujra alipoagiza gari lake jekundu la milango miwili kupitia bandari ya Iquique, sisi tulijua rangi ya viti kabla gari halijavuka mpaka. Lilikuwa gari la mashindano kutoka Japani, limezaliwa na usukani kulia. Kama yote ya aina hiyo, lilipasuliwa dashibodi na usukani ukahamishiwa kushoto ili liruhusiwe kutembea kwetu. Waipa tu ndizo zilizogoma kuhama. Zilikuwa zinafagia vizuri upande wa abiria na kumwachia dereva ukungu wake.

Na gari jipya haliingii barabarani kama yatima. Hutafutiwa wasimamizi. Huyu anasimamia tairi, yule redio, mwingine viti, na kila msimamizi analeta kitu chake kwa mkono wake, jina lake linatangazwa siku ya kulibariki gari kwa kulimwagia bia, na kuanzia hapo yeye na mwenye gari ni ndugu. Usukani ulikuwa wa mjomba wake Limbert, Don Casiano, mwenyekiti wa chama cha wauza sokoni. Ndiye aliyechagua karakana ya kuuhamisha, na ndiye aliyemwambia kila mtu kwamba karakana ile ni ya wataalamu watupu.

Zikabaki breki. Limbert akaja jioni nyumbani kwa fundi Fermín Poma na kreti ya bia, mikate mikubwa iliyofungwa kwa kitambaa, na nyuma yake Yesenia, binti pekee wa Fermín, ambaye alikuwa ameshahamia kwa kina Yujra akisubiri harusi.

"Tumekuja kukusumbua, baba mkwe," Limbert alisema.

"Sumbua tu. Mtu mwenye kreti haitwi msumbufu."

"Juzi nimeshuka mabonde ya Yungas na vijana wenzangu. Nusu ya mteremko breki zinafuka moshi kama jiko la mishikaki. Nakanyaga, gari linaniambia subiri kwanza. Na Jumapili ya mwisho wa mwezi tunashindana, baba mkwe. Kutoka kileleni Cumbre mpaka chini."

"Si umwambie mjomba wako akununulie?"

"Mjomba kashatoa usukani." Limbert akapiga goti moja sakafuni, kofia mkononi, kama inavyotakiwa. "Breki nataka ziwe zako. Nani mwingine El Alto anazijua?"

Yesenia alikuwa anamtazama baba yake kwa macho yale yale aliyokuwa akiyatumia utotoni mbele ya muuza pipi. Kule kwa kina Yujra, kila mwanamke wa ukoo alikuwa na duka au lori. Yeye aliitwa binti wa muuza uji. Fermín akafungua chupa, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya ardhi, akanywa. Ukishakunywa bia ya maombi, umekubali.

Wageni walipoondoka mkewe Nicolasa akauliza, "Hizo breki zinaota wapi, Fermín? Kwenye bustani?"

"Nitatafuta soko la Alhamisi."

"Utatafuta kwa pesa gani?"

Fermín alijua pesa iko wapi, na Nicolasa alijua kwamba anajua. Nicolasa alikuwa anachanga kwenye kikundi chake cha ngoma ya morenada tangu mwaka jana. Sketi ilikuwa imeshakatwa, viatu vimeshapimwa. Kesho yake alienda kwa mweka hazina akaomba kurudishiwa mchango wake. Wanawake waliokuwepo walimpa pole kwa sauti ndefu mno.

"Usijali mama," mmoja alimwambia, "utatuona vizuri zaidi ukiwa umesimama pembeni."

*

Fermín alipata alichokitaka. Diski za mbele pana kama sinia, na kalipa, yale mataya ya chuma yanayobana diski, kila moja na pistoni nne, zote zimetolewa kwenye gari kubwa lililogongwa nyuma tu. Alizisafisha kwa brashi ya meno mpaka zikang'aa. Kalipa kubwa zinakunywa mafuta mengi, kwa hiyo akaweka na masta kubwa, pampu ya kuyasukuma. Masta kubwa inataka mguu mzito. Na huku kwetu, ambako hewa ni nyembamba mpaka injini zinapiga miayo, lile bakuli linalomsaidia dereva kukanyaga husaidia nusu nusu tu. Kazi inayobaki ni ya goti.

Ikafika hatua ya kutoa upepo kwenye mirija ya breki. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja chini na mmoja kwenye pedali, na wa kwenye pedali siku zote alikuwa Nicolasa. Alijikunja akaingia ndani ya kile kiti cha chini, sketi zake zote zikamfuata zikajaa mpaka kwenye usukani.

"Humu wanakaa watu au paka?" alilalamika.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Shikilia… Achia."

Wakaenda hivyo gurudumu kwa gurudumu. Kwenye la mwisho Nicolasa akasema, "Fermín, kuna kitu kinalia humu. Kama goti la marehemu mama akiinuka kitini."

"Ni zulia."

"Zulia halina mifupa."

Alimwomba ashuke, akaingia yeye. Akakanyaga kwa nguvu zote kama mtu aliyeona shimo mbele. Chini ya soli pedali ikashuka vizuri, ikagota, halafu ikajisogeza pembeni kidogo, kidogo sana, na ndani ya dashibodi kitu kikasema *tk*.

Fermín alikaa mle ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Usukani unapohamishwa, pedali inakwenda nao kushoto, lakini masta inabaki kulia ilipozaliwa. Kati yao inapitishwa nondo nyuma ya dashibodi, imechomelewa ncha zote mbili, na amri yote ya mguu inapita humo. Zamani breki zilikuwa dhaifu na mguu ulikuwa mwepesi, nondo ikapumzika. Sasa yeye mwenyewe alikuwa ameipa mzigo. Na upande mmoja ilikuwa imechomelewa na mtu mwenye haraka.

Angeweza kufungua. Boliti chache, zulia kando, tochi. Lakini nondo ilikuwa sehemu ya usukani, na usukani ulikuwa wa Don Casiano. Kitu cha msimamizi hakifunguliwi na msimamizi mwingine bila mwenyewe kuwepo; kufanya hivyo ni kama kumvua mtu suruali msibani. Tena Don Casiano ndiye aliyekuwa anagawa nafasi za kuuzia sokoni. Sufuria la uji wa mahindi ya zambarau la Nicolasa lilikaa pale kwenye kona kwa ruhusa yake, na ruhusa ile haikuwa na karatasi.

"Ni nini?" Nicolasa aliuliza dirishani.

"Zulia," alisema tena. "Nitaongea na Casiano."

*

Siku ya kulimwagia gari bia mtaa mzima ulifungwa. Kulikuwa na bendi, fataki, karatasi za rangi mpaka ndani ya masikio, na gari lenyewe limevikwa maua kama bibi harusi. Mtangazaji aliwaita wasimamizi mmoja mmoja kwa kipaza sauti. Don Casiano alipigiwa na bendi wimbo mzima. Ilipofika zamu ya breki, mtangazaji alisema, "Na breki, kutoka kwa Bwana Firmino… Pomo!" na bendi ikapiga vipande viwili ikanyamaza kunywa.

"Angalau Pomo ni tunda," Nicolasa alimnong'oneza mumewe.

Lakini Limbert alipokalia gari, akalikimbiza barabarani na kukanyaga, gari lilisimama pale pale. Kofia ya Yesenia, aliyekuwa pembeni yake, iliruka ikagonga kioo. Watu wakapiga kelele. Wazee wawili wakaja kumpa Fermín mkono. Kwa dakika ile alikuwa mtu.

Alisubiri hadi Don Casiano alipokaa na wenzake kwenye meza ya katikati, akasogea na glasi yake.

"Don Casiano, naomba neno moja. Pembeni."

"Pembeni kwani tunaposana? Kaa hapa, mkwe. Sema."

Fermín hakukaa. Hakukuwa na kiti. "Ni kuhusu ile nondo ya pedali. Breki hizi ni nzito. Nilikuwa nasema… kabla vijana hawajashuka Yungas, tufungue pamoja, wewe na mimi, tuitazame. Labda niongeze uchomeleaji kidogo. Labda haina neno."

Don Casiano alifuta povu mdomoni taratibu.

"Wewe ulipewa breki au ulipewa usukani?"

"Breki, Don Casiano."

"Mimi nimelala chini ya gari nikachungulia breki zako? Nimeuliza umezitoa kwenye gari la maiti gani?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Fundi anatafuta kazi ya ziada!" Mwingine akasema, "Mpeni na honi basi, aisimamie!"

"Nilisema labda tu," Fermín alisema.

"Labda." Don Casiano aligeukia wenzake. "Karakana inahamisha usukani wa magari ya nusu ya nchi hii, anakuja bwana Pomo na labda yake." Halafu akamgeukia tena, tabasamu limetoka. "Mama Nicolasa hajambo pale kwenye kona? Kona inamfaa?"

"Inamfaa."

"Basi tunywe."

Limbert alikuwa amesimama karibu, masikio mekundu. Yesenia alikuwa nyuma yake, na macho yake yalikuwa yanasema, baba, tafadhali, si leo. Fermín akainua glasi. Akacheka na wengine. Alicheka hata baada ya wengine kumaliza.

*

Usiku ule hakulala, na asubuhi ya Jumamosi alikwenda kwa kina Yujra kabla hata chai haijamiminwa. Alitaka kumkuta Limbert peke yake. Alimkuta jikoni na Yesenia, na mama yake Limbert, Doña Gumercinda, anamenya viazi.

"Msiende kesho," Fermín alisema.

"Baba mkwe! Kuna nini?"

Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa fupi tu: nondo. Lakini Doña Gumercinda alikuwa dada yake Casiano, na kisu chake kilikuwa kimesimama katikati ya kiazi.

"Nimeota vibaya," alisema.

Kwetu ndoto si kitu cha kupuuzwa. Dereva akiota vibaya, basi linabaki kituoni na abiria hawalalamiki. Doña Gumercinda aliweka kisu chini. "Umeota nini, mzee?"

Fermín hakuwa ameandaa. "Ng'ombe," alisema. "Ng'ombe dume mweusi. Amekaa barabarani, kwenye kona. Nampigia kelele hasogei."

"Mweusi!" Doña Gumercinda alijishika kifua. "Limbert, huendi popote mpaka nimuite mama wa majani."

Fermín aliona mlango umefunguka. Akafikiri: wataahirisha, wiki itapita, nitapata nafasi. Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo ni mtu wa huku tu angelifanya. Gari bovu hupelekwa kwa fundi. Ndoto mbaya ina dawa nyingine.

Mama wa majani, anayepiga ramli kwa majani ya koka, alikuja mchana na kitambaa chake. Alikuwa mwanamke mtaratibu asiyependa maneno mengi. Alimwomba Fermín aieleze ndoto, naye akaieleza tena, akaongeza ukungu, akaongeza pembe. Mama akamwaga majani, akayatazama, akamwaga tena.

"Ng'ombe huyu ana njaa," alisema. "Apewe chakula chake."

Wakamwandalia sadaka nzuri kabisa: pipi za maumbo, mafuta ya lama, nyuzi za rangi, na kijusi cha lama kilichokaushwa ambacho Doña Gumercinda alikichagua mwenyewe sokoni. Ikachomwa uani, moshi ukapanda umenyooka. Majivu yakatoka meupe. Mama akafunga kitambaa chake. "Njia ni safi," alisema, na kwa kile alicholetewa alikuwa amefanya kazi yake barabara.

Limbert alimkumbatia Fermín. "Asante, baba mkwe. Sasa nitashuka roho ikiwa imetulia. Kweli, nilikuwa na wasiwasi kidogo, sasa sina."

"Nilikuwa nawaza labda usubiri wiki…"

"Na moshi umenyooka vile?"

Yesenia alimsindikiza mpaka getini. Alikuwa na furaha. "Wamekusikiliza, baba. Umeona? Mama mkwe amekusikiliza mbele ya watu wote. Hajawahi."

Fermín alimshika bega. Alisema, "Wewe usipande."

"Nani atamhesabia kona? Mimi ndiye ninayesoma kona." Akacheka. "Ng'ombe kashakula, baba."

*

Yaliyotokea Yungas tuliyasikia kwa simu kabla ya chakula cha mchana. Vijana waliokuwa nyuma walisema Limbert alikuwa anashuka vizuri mno, anachelewa kukanyaga kuliko wote kwa sababu alikuwa na breki za kumruhusu. Kwenye kona moja yenye unyevu taa nyekundu za nyuma ziliwaka kwa nguvu, halafu zikazimika, na gari likaendelea mbele kama vile kona haikuwekwa pale. Yesenia alitupwa nje, miti ikamzuia. Limbert haikumzuia.

Gari lilivutwa juu kwa kamba vipande vipande. Hakuna aliyetafuta chochote ndani yake. La kutafuta lilikuwa nini, wakati kila mtu alishajua sababu? Jambo lilikuwa limeonekana kabla, ndotoni.

Msibani watu walimpisha Fermín. Kiti kilipatikana, tena cha mbele. Wanawake waliokuwa wanapita na kahawa walimpa yeye kwanza. "Huyu ndiye aliyeona," walinong'ona. Bwana mmoja mwenye basi la Oruro alimfuata uani akamuuliza kwa heshima kama, akiota kuhusu watu wengine, huwa anaweza kuwatambua sura.

Doña Gumercinda alipiga magoti mbele yake, nguo nyeusi imemlemea, akamshika mikono yote miwili. "Wewe ulituambia. Ulikuja mwenyewe asubuhi, kwa miguu yako. Mimi nilimlisha kidogo yule ng'ombe, mzee. Nilinunua lama mdogo. Kulikuwa na mkubwa nikasema huyu anatosha."

"Hapana, mama," Fermín alisema. "Hapana, si hivyo."

"Nilinunua mdogo!"

Walimwinua. Don Casiano alikuwa amesimama karibu na jeneza. Alimtazama Fermín kwa muda, akaja, akainama kama anayempa pole. "Gari nimeshaliuza kama chuma chakavu," alisema chini chini. "Hakuna haja ya mama yake kuliona. Sawa, mkwe?" Halafu kwa sauti ya kawaida: "Na mama Nicolasa ahamie mbele, pale kituo cha basi. Pale kwenye kona jua linampiga."

Nicolasa alikuwa nyuma yao na sinia la vikombe. Alisikia yote. Alisubiri mpaka walipofika nyumbani na kufunga mlango.

"Hiyo ndoto," alisema, "uliiota saa ngapi?"

"Nicolasa."

"Nililala na wewe usiku ule. Ulikuwa unageuka kama mkate. Hukufumba jicho. Uliota saa ngapi?"

Fermín alikaa kitandani na koti lake.

"Niliposikia kile kitu kinalia nilikwambia," Nicolasa alisema. "Ukasema zulia. Mimi nikasema sawa, yeye ndiye fundi." Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anayeongea na mtu mwingine. "Na mimi nikasema sawa." Alivua shela lake, akalikunja, akalivaa tena. "Kesho unaenda hospitali. Mimi sitakwenda. Utakwenda wewe, na utamwambia yeye kwanza, kabla hujamwambia padri wala mtu yeyote."

*

Wodi ilikuwa ndefu na baridi. Yesenia alikuwa kitanda cha dirishani, nyonga imefungwa kwa vyuma, uso umevimba upande mmoja. Alipomwona baba yake alijaribu kuinua mkono.

"Walisema huji."

"Nimekuja."

"Nisamehe, baba."

Fermín alibaki amesimama, kofia mkononi.

"Tulikuwa tunakucheka," Yesenia alisema. "Njiani. Limbert alikuwa anaigiza ng'ombe, anapiga honi, anasema sogea wewe, si umeshakula. Tulicheka mpaka pale. Wewe umetuonya, sisi tunacheka. Kila siku nalala hapa nasema, ningemsikiliza baba. Ningekataa kupanda naye asingeenda peke yake. Ni mimi."

"Si wewe."

"Ulisema usipande. Getini. Nakumbuka."

"Hakukuwa na ng'ombe, binti yangu."

Alimtazama bila kuelewa.

"Sikuota kitu," Fermín alisema. "Ni ile nondo ya pedali. Uchomeleaji wa karakana ya Casiano. Nilipoweka breki nilikanyaga, nikaisikia inalegea. Nilitaka kusema. Ile siku mezani nilitaka, wakanicheka. Asubuhi nikaja kusema, mama yake alikuwepo. Nikasema ndoto."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anauza gazeti kwa kelele.

"Uliisikia kabla ya sherehe?"

"Kabla."

"Kwa hiyo mimi nikikaa mle, kofia inaruka, watu wanapiga makofi. Ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Na getini."

"Getini pia."

Alifumba macho. Fermín alisubiri matusi, na angeyapokea yote. Alitaka hata kumsaidia kuyatafuta. Hayakuja.

Muuguzi aliingia na beseni na mashuka, mwanamke mnene mchangamfu, anaimba kwa pua. "Haya binti, saa ya kugeuzwa. Leo tuna bahati, tuna mwanaume wa kutusaidia kunyanyua. Huyu ni baba yako?"

Yesenia alifungua macho. Hakumtazama Fermín. Alitazama dari.

"Hapana," alisema. "Ni mgeni. Alikuwa anaondoka."